Nyumba ya mama imelala chini kwa mvua, mtendaji kaandika jina kwenye daftari. Sheria ya maafa inampa nini?

#1 Mpakua Mlenda

Wakuu, mbukwa.

Niende moja kwa moja. Mama yangu yupo kijijini, Wilaya ya Chamwino. Anakaa kwenye tembe aliyoijenga marehemu babu, kuta za miti na udongo, juu udongo. Mvua za juzi zilinyesha siku tatu bila kupumzika. Usiku wa tatu akasikia boriti inalia. Akatoka na wajukuu wawili na debe la uwele, hata khanga ya kujitanda hakuchukua. Kulipokucha upande wote wa jikoni ulikuwa umekaa chini, na mbuzi wawili wamo humo humo.

Asubuhi mtendaji alifika na daftari kubwa la kaunta. Akaandika jina, idadi ya watu, mbuzi, akapiga picha kwa simu yake, akasema taarifa inapanda juu. Leo siku ya kumi na moja. Mama analala kwa jirani. Nimefuatilia ofisi moja (sitaki kuitaja, nina ndugu humo) nikaambiwa "tukio lako halijafikia kiwango".

Kiwango gani? Sheria ya maafa ya nchi hii inasema nini hasa? Mama ana haki ya kudai kitu au anasubiri huruma za watu? Na hizo kamati za maafa za vijiji tunazozisikia redioni zipo kweli?

Mods naomba msiuhamishe. Nawasilisha.

#2 Siti ya Dirishani

Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Nimeshakaa mbele hapa, nasubiri wanasheria waanze kuvuana mashati.

#3 Kaka wa Kizota

Sheria ipo, tatizo Watanzania hatusomi. Ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 7 ya mwaka 2015. Imeunda Wakala wa Maafa kabisa. Nenda kwa Wakala, achana na mtendaji wa kijiji, yeye kazi yake kuandika tu.

#4 Mwanasheria Uchwara

Kaka wa Kizota, umelala miaka mingapi? Hiyo ya 2015 imeshafutwa. Inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Na huo Wakala unaompeleka mwenzio utamtafuta mpaka uzeeke. Jambo hili linasimamiwa na idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Kwa faida ya wengine. Kabla ya hizo mbili kulikuwa na sheria ya 1990, Na. 9, ya kuratibu misaada ya maafa. Lisome vizuri jina lake: kuratibu *misaada*. Maana yake likitokea jambo, serikali inapokea na kugawa unga, blanketi, mahema. Ya 2015 na ya 2022 zikapanua, zikaingiza kuzuia, kujiandaa, kukabiliana na kurejesha hali. Ya 2022 imepanga kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata, mpaka kijiji na mtaa. Mkoani anaongoza Mkuu wa Mkoa, wilayani Mkuu wa Wilaya. Kuna na Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa.

Swali la mama: mimi nilivyoisoma, sheria hii ni ya kupanga nani afanye nini. Haijamwandikia mwananchi kwamba nyumba ikianguka kwa mvua atalipwa kiasi fulani. Fidia ni pale serikali inapochukua ardhi yako kwa ajili ya barabara. Kwenye maafa neno ni msaada, na huwezi kwenda mahakamani kudai msaada.

#5 Nguzo Nne

#4 umeandika vizuri ila umemaliza kwa kumvunja mwenzio moyo. Kwa hiyo sheria kurasa zote hizo na mama halali ndani?

#6 Kaka wa Kizota

Sawa, nimekubali ni ya 2022. Nilisoma ya zamani chuoni. Lakini sikulala, nilikuwa shamba.

#7 Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kijiji na baadaye kata, mkoa huu huu, miaka mingi. Nitasema ninachokijua kwa macho.

Hilo daftari la kaunta msilicheke. Ndiyo mwanzo wa kila kitu. Kijiji kinaandika, kinapeleka kata, kata inajumlisha inapeleka wilayani, wilayani wanatuma timu ya tathmini: mtu wa ujenzi, wa kilimo, wa mifugo, wa ustawi wa jamii. Wakirudi wanaandika taarifa. Sasa tukio la nyumba moja, hiyo timu haiji. Gari halina mafuta ya kwenda kuangalia tembe moja. Wanasubiri zifike kumi, ishirini. Hicho ndicho "kiwango" alichoambiwa, hakimo kwenye sheria yoyote niliyowahi kuishika. Ni kiwango cha dizeli.

Jambo la pili, na mtanisamehe. Wananchi nao wanatupa kazi. Mtu alikuwa na mbuzi watatu, ukifika na daftari wamekuwa tisa. Godoro moja linazaa matatu usiku mmoja. Ukipeleka orodha ya namna hiyo wilayani inarudishwa yote, na mwenye shida ya kweli anaumia na waongo.

Kamati ya kijiji kwetu ilikuwepo kwa majina. Ukiniuliza ilikaa lini, nakumbuka kikao kimoja, na hicho tulikaa kwa sababu mgeni wa shirika alikuja na soda.

#8 Mpakua Mlenda

Mzee #7 shikamoo na asante. Mbuzi wa mama ni wawili, sijaongeza hata kwato.

#9 Mtendaji Mstaafu

Marahaba. Sikukusema wewe.

#10 Muhaya Mhamiaji

Mimi nipo Dodoma kikazi ila kwetu Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilitukuta mchana. Watu 17 walifariki, nyumba maelfu zikabomoka au kupasuka. Ya baba yangu ufa ulianzia kwenye msingi ukaishia chini ya kenchi, mkono unapita.

Michango ilikuja kutoka kila kona. Sisi tuliobomokewa tulidhani ni ya kutujengea. Sehemu kubwa ikaelekezwa kwenye mali ya umma, shule na zahanati. Ihungo kwa mfano imejengwa upya, imependeza, wala sina kinyongo na Ihungo. Lakini baba aliziba ufa kwa pensheni yake. Wakati ule sheria ilikuwa hiyo ya 2015, mbichi kabisa. Kwa hiyo mtoa mada, usiweke matumaini kwenye namba ya sheria.

#11 Dada wa Singida

#10 lakini Hanang' walijengewa. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, Katesh, Gendabi, Jorodom, watu zaidi ya 80 walifariki. Mimi nilipita Katesh wiki ya pili yake, barabara ya Singida kwenda Babati. Tope lilikuwa limekauka usawa wa dirisha la basi, na ndani ya duka moja kilichokuwa kinaonekana ni mzani tu, umetoka juu kama mtu anayezama. Serikali ikajenga nyumba zaidi ya 100 kule Waret, watu wakahamishiwa.

Mbona huko kiwango kilifika? Kama sheria haimpi mwananchi nyumba, wale walipewa kwa kifungu gani?

#12 Mwanasheria Uchwara

Dada, swali zuri. Walipewa kwa uamuzi. Haki ningeiita kama wa Kagera nao wangepata. Sheria haimkatazi mkubwa kujenga, na haimlazimishi. Uwanja umeachwa wazi hapo katikati.

#13 Nguzo Nne

Mimi nina maelezo mepesi zaidi. Hanang' ilitokea wakati dunia nzima ipo Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, na Rais alikuwepo huko akakatisha safari. Kamera zote zilikuwa macho. Tembe moja ya Chamwino haina kamera.

#14 Mtendaji Mstaafu

Si kamera peke yake. Hanang' eneo lenyewe liliondoka, hukuweza kumwambia mtu rudi ujenge pale pale. Bukoba kiwanja kilibaki, nyumba ndiyo ilipasuka. Serikali ikiona kiwanja kipo inasema jenga. Ndivyo ilivyo hata kwenye mafuriko.

#15 Muhaya Mhamiaji

Jenga kwa nini sasa mzee wangu, kwa kiwanja?

#16 Binti wa Kondoa

Naona wote mnazungumza vishindo: tetemeko, tope, mafuriko. Maafa ya mkoa huu hayana kishindo. Ni ukame. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inakatika Aprili, na katikati ya Februari inaweza kukaa wiki tatu isidondoke tone. Mahindi yanafika kiunoni yanakunja majani kama sigara. Hakuna anayekuja na kamera kupiga picha mahindi yaliyokunja majani.

Bibi zetu wa Ugogo walikuwa wanahesabu umri kwa njaa. Njaa ya Mtunya ile ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita wakibeba nafaka, mifugo na vijana. Mvua ikakosekana juu yake. Sasa hapo maafa ni ya mvua au ya watu?

Na mwaka 2016 huku Kondoa na Chemba, mpaka Manyara, watu walianza kuugua macho yakawa ya njano, tumbo linajaa, kama watu 20 wakafa. Kijijini tukasema kuna mkono wa mtu. Ikaja kugundulika ni sumukuvu, mahindi yaliyoota ukungu. Hebu niambieni, gunia la mahindi lililolowa kwenye kona ya nyumba ni maafa kwa mujibu wa hiyo Na. 6?

#17 Siti ya Dirishani

#16 umemaliza. Mimi shule nilifundishwa Mtunya kwa mstari mmoja tu.

#18 Kaka wa Kizota

Kwenye njaa angalau mfumo upo. Mimi ni wa Kizota, maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nayaona kila siku. Mahindi yakipanda bei wanayashusha yauzwe kwa bei nafuu. Zamani tuliyaita SGR, kifupi cha Kiingereza cha akiba ya nafaka. Watoto wa siku hizi ukiwaambia baba alikuwa kibarua SGR wanadhani alikuwa dereva wa treni ya umeme.

#19 Nguzo Nne

😂😂 Dereva wa treni ya mahindi.

#20 Mzee wa Gulwe

Mmenitajia treni mkaniamsha. Nilikuwa reli, ile ya zamani, ya mita.

Mnaongelea sheria ya maafa kana kwamba maafa yanaanza siku yanapotokea. Kati ya Gulwe na Kidete reli imechukuliwa na maji mara ambazo sikumbuki. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilipoivuruga Kilosa, tuta lilibaki reli inaning'inia hewani, mataruma yake yamening'inia kama ngazi ya kamba. Maji yale hayakutoka Kilosa. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya huku kwetu, Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, unateremka mpaka unaitwa Mkondoa. Mnakata miti huku, mnachota mchanga huku, mkoa mwingine unazama. Kamati ya wilaya ya wapi itakaa kikao juu ya mto unaopita wilaya nne?

Na Igandu mmeisahau. Tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilipanda mlima ikashindwa breki, ikarudi kinyumenyume ikakutana na ya mizigo. Watu 281. Wa kwanza kufika walikuwa wanakijiji na majembe. Mimi nilifika nao, sitasema zaidi.

#21 Mpakua Mlenda

Mzee #20 pole sana. Naomba tuliache hilo kwa heshima.

Ila hoja yako ya mto imenigusa. Maana nilipouliza ofisini wakaniambia pia kwamba mama "kajenga bondeni". Si kweli. Pale ni tambarare, korongo lipo mbali, mwendo wa kuchoma muhogo ukaiva.

#22 Fundi Tofali

Mimi nipo upande wa hao waliosema bondeni, ila si kwa mama yako. Nakaa Nkuhungu. Mji umekua kwa kasi tangu serikali ihamie, Dodoma ikawa jiji 2018, kila mtu anataka kiwanja. Sheria ya Mazingira ya 2004 imesema mita 60 kutoka kwenye mto usiweke shughuli ya kudumu. Nenda kapime. Mtu anajenga kwenye mkondo wa maji kiangazi kwa sababu anaona mchanga mkavu, na anachokiona yeye ni mchanga wa bure wa kujengea! Ikifika Januari anapiga simu redioni kulaumu.

#23 Mama Wawili

Fundi, mimi ni jirani yako huko huko. Kiwanja changu nimeuziwa na kibali, ramani ninayo, mhuri upo. Mwaka wa kwanza maji yaliingia mpaka chini ya kitanda, watoto wakapandishwa juu ya kabati. Nilivyoenda kuuliza walikonipa ramani wakasema eneo hilo linajulikana lina maji yanayotuama. Linajulikana na nani? Mbona mhuri haukujua?

Usituweke wote kapu moja.

#24 Fundi Tofali

Samahani dada. Nilisema wale wa kwenye mkondo. Wewe ni wa kwenye mhuri.

#25 Mama Wawili

Nimecheka ila inauma.

#26 Upepo wa Kusi

Salaam kutoka Unguja. Nimeona kila mtu anasema "nchi hii". Maafa si jambo la Muungano jamani. Huku tuna sheria yetu, Na. 1 ya mwaka 2015, na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kwa hiyo kamati zenu za Mkuu wa Mkoa huko, huku mambo yana njia yake.

#27 Kaka wa Kizota

#26 asante. Na je, Rais akitangaza hali ya hatari?

#28 Mwanasheria Uchwara

Hiyo ni Katiba, ibara ya 32, na inahusu Jamhuri ya Muungano yote au sehemu yake. Maafa na balaa la mazingira linalotishia jamii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Lakini si mchezo: nakala inapelekwa kwa Spika, Bunge linakutana ndani ya siku 14, na inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote kuiunga mkono. Ndiyo maana mafuriko mengi yanapita bila mtu kuigusa. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama bungeni, hapa hapa Dodoma, akasema mvua za El Nino zimeua watu 155 na kugusa watu kama laki mbili. Ibara ya 32 haikuguswa.

Wengine wanachanganya "eneo la maafa" na "hali ya hatari". Ni vitu viwili.

#29 Nguzo Nne

Kwa hiyo 155 nayo haikufika kiwango 🤔

#30 Mwanasheria Uchwara

Nguzo Nne usinigeuzie maneno. Kiwango cha kutangaza hali ya hatari ni kingine, na hata mimi sitaki watu wakimbilie huko, maana hali ya hatari inampa mkubwa mamlaka ya kukuzuia hata kutembea. Mama wa mtoa mada anahitaji bati, hahitaji amri ya kutotoka nje.

#31 Dada wa Singida

Tafsiri ya kawaida ya maafa wanayofundisha kwenye semina, nilihudhuria moja, ni tukio linalozidi uwezo wa jamii husika kukabili kwa rasilimali zake. Nikauliza mkufunzi, jamii husika ni nani? Kama ni taifa, tembe si maafa. Kama ni wilaya, si maafa. Kama ni mama mwenye debe la uwele, ni maafa makubwa kuliko yote. Akasema swali zuri tutalirudia baada ya chai. Chai ikanyweka, na swali likanyweka nayo.

#32 Mtendaji Mstaafu

Mkufunzi alijua. Kanuni ni kwamba kila ngazi inahangaika na lake, likiishinda inapandisha. Shida inakuja kwamba ngazi ya chini kabisa haina fungu. Kijiji kinaambiwa kikabili, kikabili na nini? Mimi nilikuwa nawapitishia watu bakuli msikitini na kanisani. Hiyo ndiyo ilikuwa bajeti yangu ya maafa, na ilifanya kazi kuliko taarifa zote nilizopandisha.

#33 Kaka wa Kizota

Mzee hapo nakupinga kwa heshima. Ukishaanza bakuli, wa juu wanastarehe. Ndiyo maana hawashuki.

#34 Mtendaji Mstaafu

Ungekuwa na mtoto analia usiku ungepitisha bakuli.

#35 Fundi Tofali

Ngoja niseme la ufundi, maana sheria imenishinda. Mtoa mada, tembe haiangushwi na mvua. Inaangushwa na mchwa. Udongo wa juu ukinywa maji siku tatu uzito wake hausemeki, lakini nguzo nzima inabeba, ndiyo maana wazee walikaa humo miaka hamsini. Nguzo inaliwa kuanzia pale inapoingia ardhini, juu inaonekana nzima, imetulia. Chukua nyundo ugonge kila nguzo usawa wa goti. Nzima inajibu *ko*, iliyoliwa inajibu *pu*. Upande uliobaki, kabla mama hajarudi kulala, gonga zote.

Na zamani kila mwaka kabla ya mvua wanawake walikuwa wanapanda juu kukandika upya. Nani anapanda sasa? Vijana wote wapo mjini wanaendesha bodaboda.

#36 Mpakua Mlenda

Fundi, umenipiga mimi hapo. Sijapanda juu ya ile nyumba tangu darasa la saba.

#37 Nguzo Nne

Kwa hiyo tumetoka kwa Waziri Mkuu tumefika kwa mchwa. Huu uzi bwana.

#38 Binti wa Kondoa

Na mchwa ana kamati mpaka ngazi ya kitongoji, tena inakaa kila siku.

#39 Afisa Fulani

Nimesoma kimya muda mrefu. Nafanya kazi karibu na mambo haya, sitasema wapi. Mnakosea kitu kimoja, mnadhani juu hakuna kinachofanyika. Hapa Dodoma kuna kituo cha operesheni na mawasiliano ya dharura. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) zinafika, zinachambuliwa, zinatumwa mikoani. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 watu wa pwani walitangaziwa mapema, vivuko vikasimama. Kazi kubwa ya sheria ya sasa ipo huko, kabla ya tukio. Mnaipima kwa mabati tu.

#40 Mama Wawili

#39 karibu. Tahadhari inafika mkoani, sawa. Ikitoka hapo inamfikiaje mama wa Chamwino mwenye simu ya tochi isiyo na chaji?

#41 Afisa Fulani

Inapita kwa mtendaji.

#42 Nguzo Nne

Yule wa daftari?

#43 Kaka wa Kizota

😂😂😂

#44 Afisa Fulani

Chekeni tu. Lakini mkiambiwa mvua kubwa inakuja mnasema TMA wamezoea kudanganya.

#45 Mzee wa Gulwe

Hapo afisa kasema kweli. Sisi tulikuwa tunapewa barua ya tahadhari, tunaiweka chini ya glasi ya meza, halafu juu yake tunaweka chai.

#46 Mpakua Mlenda

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi nilikwenda kijijini na nyundo. Nguzo za upande uliobaki ni kumi na tatu. Zilizojibu *pu* ni nane. Mama hatarudi humo. Tumeanza kufyatua tofali, jirani ametoa nyasi za kufunika, nimenunua bati kumi na mbili kwa mkopo, nyingine nitaona mbele ya safari.

Mtendaji alikuja nikiwa pale pale. Nikadhani majibu yametoka wilayani. Kumbe ofisi ya kijiji nayo inavuja, maji yamelipata daftari la kaunta, wino wote umekuwa bluu. Anapita nyumba kwa nyumba kuandika upya.

#47 Mtendaji Mstaafu

Ndiyo maana mimi nilikuwa nalala nalo. Mbuzi kaandika wangapi?

#48 Mpakua Mlenda

Wawili. Mama akamwambia mmoja alikuwa na mimba. Akainua kalamu, akaangalia ukurasa muda mrefu, akauliza hiyo aiandike safu gani.